Askari Waliomo Ndani ya Uvimbe

Kaeni mkao wa kusikiliza, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Imetokea Paris, Ufaransa, na mashujaa wake ni wadogo mno, jicho tupu haliwaoni.

Tumboni mna utumbo mpana, ambamo mabaki ya chakula hupita kabla hujaenda chooni. Mara nyingine seli moja ya utumbo huo huasi. Hujigawa, ikajigawa tena, bila kukoma, mpaka ukatokea uvimbe. Hiyo ndiyo saratani. Daktari akishaukata uvimbe, mgonjwa huwa na swali moja: "Daktari, uvimbe utarudi?"

Kwa miaka mingi madaktari walitazama mambo matatu. Uvimbe umechimba ukuta wa utumbo kwa kina gani? Umefika kwenye tezi za limfu? Umehamia ini au mapafu? Kipimo hicho kinafaa mpaka leo, ila kiliacha fumbo. Wagonjwa wawili walikuwa hatua ile ile ya ugonjwa. Mmoja akapona kabisa, mwenzake saratani ikamrudia upesi. Kwa nini?

Mtafiti Jérôme Galon, daktari Franck Pagès na wenzao wakaamua kuwatazama askari wa mwili. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu zimo seli T, na kazi ya baadhi yake ni kuua: huing'ang'ania seli mbovu, huitoboa na kuipenyezea sumu mpaka ife.

Utawahesabuje askari wasioonekana? Kipande cha uvimbe huhifadhiwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kisha vikatiwa dawa inayozipaka seli T rangi ya kahawia. Chungulia kwenye hadubini: uvimbe huu una madoa ya kahawia tele, ule unayo ya kutafuta. Nao walihesabu mahali pawili: katikati ya uvimbe, na ukingoni, pale unapopakana na sehemu ya utumbo isiyo na ugonjwa.

Mwaka 2006 wakatangaza walichokiona katika jarida la Science. Waliokuwa na askari wengi mahali pote pawili waliishi muda mrefu zaidi, na saratani haikuwarudia sana. Hesabu hiyo ikapewa jina Immunoscore. Mwaka 2018 matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,600 kutoka nchi 13 yakaonyesha kwamba inafanya kazi.

Najua mmoja wenu ataniuliza: "Babu, kama askari wamo, mbona wasiumalize uvimbe?" Uvimbe ni mjanja. Hujificha wasiutambue, huwachosha, hata huwazuia wasiingie. Ndiyo maana wengine hukwama ukingoni, na ndiyo maana mahali walipo pana uzito sawa na idadi yao.

Hesabu hii haimhakikishii mtu jambo. Mwenye askari wengi anaweza kuugua tena, na mwenye wachache akapona. Lakini inampa daktari msingi wa kuamua nani aongezewe dawa kali baada ya upasuaji, na nani aitwe kliniki mara kwa mara. Mgonjwa naye, akiuliza lile swali lake, anajibiwa kwa kutazama pande zote mbili za vita: nguvu za adui, na nguvu za mwili wake mwenyewe.