Tuijue Lugha (3): Linalojulikana na lililo jipya

Juma lililopita tulimaliza habari ya upatanisho wa kisarufi. Leo tutazame kazi nyingine ya viambishi hivyohivyo, ambayo vitabu vya shule huigusa kwa nadra: kumwonyesha msikilizaji lipi analijua tayari na lipi ndilo habari.

Chukua sentensi tatu: "Asha amevunja chungu", "Chungu amekivunja Asha", na "Asha ndiye aliyevunja chungu". Tukio ni lilelile, lakini sentensi hizi hazipokezani nafasi. Ya kwanza yamfaa anayeuliza kumetokea nini jikoni. Ya pili yamfaa anayeulizia chungu: kinatangulizwa kwa kuwa ndicho kinachozungumzwa, na Asha anawekwa mwisho kwa kuwa ndiye habari mpya. Ya tatu yamfaa aliyekwisha kujua kuwa chungu kimevunjika, pengine akamshuku mtu mwingine. Ukimjibu mmoja kwa sentensi ya mwenzake, sarufi haitakushtaki, ila mazungumzo yatakwenda mrama.

Wanaisimu huiita sehemu inayozungumziwa mada, na ile inayobeba uzito wa habari huiita fokasi. Vilém Mathesius, mmoja wa waanzilishi wa Duara la Isimu la Prague mwaka 1926, alililinganisha jambo hili katika Kicheki na Kiingereza. Kicheki huhamisha maneno kwa urahisi. Kiingereza, ambacho mpangilio wake ni mgumu, hulazimika mara nyingi kutumia kauli ya kutendwa ili mada itangulie.

Kiswahili kina nyenzo zaidi ya hizo mbili. Ya kwanza ni kiambishi cha yambwa. Ukiuliza "Umenunua kitabu?", huenda hatujataja kitabu chochote kabla. Ukiuliza "Umekinunua kitabu?", sote wawili tunajua ni kitabu kipi. Hiyo -ki- ndiyo inayotuambia kuwa kitabu si kigeni kwetu. Kwa watu kanuni hii hulegea: twasema "Nilimwona mtu" hata kama mtu huyo hatumjui, kwa kuwa yambwa aliye binadamu kwa kawaida hudai kiambishi chake.

Nyenzo ya pili ni ngeli ya mahali. "Wageni wameingia kijijini" husemwa pale wageni walipokuwa wakitarajiwa. "Kijijini kumeingia wageni" husemwa pale kijiji ndicho mada na wageni ndio habari. Vivyo hivyo "Mlangoni pamesimama askari" na "Chumbani mmelala watoto". Kitenzi kinapatana na mahali, na mtendaji anasogezwa nyuma kwenye nafasi ya habari mpya. Ndiyo maana msimulizi wa ngano huanza kwa "Hapo zamani za kale palikuwa na mfalme". Mfalme hajatambulishwa bado, hivyo hawezi kuwa mada. Sentensi ikifuata, atasema "Mfalme huyo alikuwa na binti", kwa sababu sasa tunamjua.

Ndugu zetu wa Kibantu wana mbinu zao. Mzulu husema "Ngiyabona", yaani "Ninaona", kitenzi kikiwa kimejitosheleza. Akitaka kutaja anachokiona, na hicho ndicho habari, -ya- hudondoka: "Ngibona inja", "Ninaona mbwa". Mbwa akiwa anajulikana, -ya- hurudi pamoja na kiambishi cha yambwa: "Ngiyayibona inja". Wajapani hawagusi kitenzi kabisa. Huweka "wa" baada ya mada, na "ga" baada ya kiima kilicho habari mpya.

Haya yanamhusu sana mwandishi wa habari. Soma hapa: "Kijiji kimepata kisima. Wanakijiji wenyewe walichimba kisima." Hakuna kosa la upatanisho, lakini sentensi ya pili inaanza kana kwamba kisima hakijatajwa. Mzungumzaji angesema: "Kijiji kimepata kisima. Kisima hicho wamekichimba wanakijiji wenyewe." Kisima kimeshika nafasi ya mada, -ki- imethibitisha kuwa tunakijua, na sifa imewaangukia wanakijiji mwishoni. "Kimechimbwa na wanakijiji" nayo ingefaa, lakini wengi wetu huikimbilia kauli ya kutendwa kila mara kwa sababu taarifa tunazofasiri zimeandikwa kwa Kiingereza, lugha isiyo na njia hiyo nyingine.

Basi, msomaji, kabla ya kuipeleka kazi yako kwa mhariri, iulize kila sentensi inajibu swali gani. Ikiwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, ipange upya.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatazama lugha zinazomlazimu msemaji aonyeshe kwenye kitenzi kama jambo ameliona mwenyewe au amelisikia kwa watu.