JOTO LA MAJI KATIKA ZIWA LA KARIBA

Kati ya nchi ya Zambia na nchi ya Zimbabwe liko ziwa kubwa ambalo zamani halikuwako. Ni ziwa lililofanywa na watu. Mwaka 1955 mafundi walianza kazi ya kujenga ukuta wa saruji katika korongo la Mto Zambezi, mahali paitwapo Kariba, na mwezi wa Desemba 1958 maji yakaanza kuzuiwa. Kimo cha ukuta ule ni mita 128. Maji yakajaa bondeni kidogo kidogo hata mwaka 1963, yakafunika mashamba, makaburi na vijiji vya Watonga, na zaidi ya watu 50,000 wakalazimika kuhama. Ziwa lilifanywa kwa ajili ya kuendesha mitambo ya umeme. Lakini watu huvua samaki humo, husafiri kwa vyombo, na watoto wakaao kando yake hutamani kuogelea. Kwa hiyo yafaa kujua tabia ya maji yake.

Majira na Maji

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, ndio wenye hewa ya moto sana katika bonde lile, hata kipimajoto huweza kufika digrii 40 kivulini. Mtu angedhani ya kuwa maji nayo huwa na moto mwingi kuliko wakati wote katika mwezi huo. Sivyo. Weka juani sufuria mbili, moja tupu na moja iliyojaa maji. Baada ya muda mfupi ile tupu itakuwa ya moto hata haishikiki, lakini ya pili itakuwa bado na ubaridi. Maji hupata moto polepole, tena hupoa polepole. Ndivyo lilivyo ziwa. Maji ya juu huzidi kupata joto tangu Septemba, yakafikia karibu digrii 30 wakati wa mvua, yaani Januari hata Machi. Kisha kipupwe huingia, usiku huwa na baridi, nayo maji hupoa hata kufika digrii 22 hivi katika Julai.

Maji ya Juu na Maji ya Chini

Maji ya moto ni mepesi kuliko maji ya baridi. Kwa hiyo huelea juu yake. Wakati wa joto Ziwa la Kariba huwa kama nyumba ya ghorofa mbili. Juu yako maji ya moto yanayochezwa na jua na upepo. Chini, kupita mita 20 au 30, yako maji mazito ya baridi, yasiyochanganyika na yale ya juu. Maji hayo ya chini hayapati hewa. Majani na vitu vingine vilivyokufa huzama na kuoza humo, na oksijeni iliyomo humalizika, hata samaki hawawezi kukaa.

Kipupwe kifikapo, maji ya juu hupoa, yakawa mazito sawasawa na ya chini. Ndipo upepo uwezapo kuyapindua yote: ya juu hushuka na hewa yake, ya chini hupanda na chakula kilichokuwa kimezama. Jambo hili hutukia mara moja kwa mwaka, mwezi wa Juni au Julai. Bila mapinduzi hayo samaki wangekosa chakula kingi. Wafaidikao ni pamoja na wale dagaa walioletwa kutoka Ziwa la Tanganyika mwaka 1967 na 1968, ambao huko Kariba huitwa kapenta, na ambao huvuliwa usiku kwa taa kama wanavyovuliwa Kigoma.

Kuogelea

Watu wengi hudhani ya kuwa maji ya vuguvugu ndiyo maji salama. Katika Kariba, maji yanapopendeza zaidi ndipo hatari inapozidi.

Hatari ya kwanza ni mamba. Mnyama huyu hana joto lake mwenyewe, bali hulipata kwa jua na maji. Wakati wa kipupwe huwa mzito, tena hula kidogo. Maji yapatapo moto, hupata nguvu na njaa. Tena mamba jike hutaga mayai mchangani mwezi wa Septemba, nayo huanguliwa Desemba. Siku hizo zote hulinda kiota chake kwa ukali. Walakini mtu asiseme ya kuwa Julai ni salama, kwa maana mamba mwenye njaa kidogo ni mamba vilevile.

Hatari ya pili ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wakaao penye majani ya majini, karibu na ukingo. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kama saa sita mchana, wakapenya katika ngozi ya mtu pasipo yeye kujua. Dawa ipo, lakini aliyepona akirudi majini huambukizwa tena. Na mtu akojoaye majini huwapa wenzake ugonjwa, kwa kuwa mayai ya vijidudu hutoka pamoja na mkojo.

Hatari ya tatu ni ziwa lenyewe. Miti mingi ilizama ingali imesimama, na maji yakipungua vigogo hukaribia juu. Mtu arukaye kwa kichwa huweza kuumia vibaya. Upepo huinua mawimbi kwa ghafula. Na wakati wa kipupwe, maji ya digrii 22 huonekana si baridi sana, lakini mwili una digrii 37, na maji huondoa joto upesi kuliko hewa. Aonaye anaanza kutetemeka, na mikono yake kuwa mizito, atoke mara moja, asingoje kuchoka.

Kwa hiyo mwenye akili haogelei ziwani, bali katika birika lililojengwa kwa kazi hiyo, tena pamoja na mtu mzima ajuaye kuogelea. Methali ya Kiswahili husema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wala joto lake, wala yaliyomo ndani yake, hayajulikani kwa kutazama tu.

Maswali
1. Kwa nini maji ya Kariba hayafikii joto lake kubwa mwezi wa Oktoba?
2. Ni nini kinachozuia maji ya juu na ya chini yasichanganyike wakati wa joto?
3. Mapinduzi ya maji yana faida gani kwa wavuvi?
4. Eleza kwa nini saa sita mchana si saa njema ya kuingia majini.