DISKI YA PILI ISIFUTWE: TUJUE KULINDA KUMBUKUMBU ZA KAZI

Mji wa Kamembe, makao ya Wilaya ya Rusizi, umekaa kandokando ya Ziwa Kivu, kusini-magharibi mwa Rwanda. Ng'ambo ya mto Ruzizi ndiko Bukavu, katika nchi ya Kongo, na wachuuzi, wanafunzi na wasafiri huvuka mpaka huo kila kukicha. Mahali kama hapo kazi ya ulinzi si ya kusimama langoni tu. Ni kazi ya kuandika na kutunza: maelezo ya mashahidi, picha za ajali, orodha za zamu, hesabu za vifaa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari hilo limo ndani ya kompyuta.

Kompyuta nayo huchoka. Huingiwa na virusi, huwa nzito, au programu yake kuu hupitwa na wakati, kama ilivyokuwa tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilipokoma kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Dawa ya wengi ni kuirudisha kompyuta katika hali yake ya mwanzo. Hapo ndipo askari mtunza kumbukumbu anapojiuliza: je, faili zilizo katika diski ya pili zitasalimika? Jibu letu ni kwamba zitasalimika, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu.

KWANZA KUTAMBUA

Baadhi ya kompyuta za mkononi zina diski mbili: moja ndogo na nyepesi inayobeba Windows, huitwa C, na nyingine kubwa ya kuwekea faili, huitwa D. Lakini C na D huenda zikawa sehemu mbili za diski moja iliyogawanywa. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu diski moja ikifa, C na D hufa pamoja. Basi fungueni chombo cha kusimamia diski kilichomo ndani ya Windows, mtazame zipo diski ngapi, kila moja ina ukubwa gani, na mwandike hayo katika karatasi.

Tazameni pia faili zilipo kwa hakika. Faili iliyoachwa juu ya uso wa kompyuta, mara nyingi, imo ndani ya C, hata kama mwenyewe anaamini kuwa kila kitu chake kiko D. Mwezi Oktoba 2018, Microsoft ililazimika kusimamisha toleo jipya la Windows 10 baada ya baadhi ya watumiaji kupoteza faili. Walikuwa wamehamishia makabati yao ya nyaraka mahali pengine, kama vile diski ya pili, huku faili nyingine zikibaki katika makabati ya zamani. Hizo zilizobaki ndizo zilizofutwa.

Jambo la tatu ni ufunguo. Ikiwa D imefungwa kwa BitLocker, huenda imezoea kufunguka yenyewe kwa sababu C inaijua. C ikifutwa, D itadai neno la siri au ufunguo wa tarakimu 48. Asiye nao atakuwa na faili zisizofutwa na zisizosomeka. Ufunguo huo uandikwe na utunzwe nje ya kompyuta kabla ya kazi kuanza.

KISHA KUTENDA

Chomekeni kompyuta katika umeme, maana ikizimika katikati ya kazi Windows huweza kuharibika. Ingieni katika mipangilio, upande wa mfumo, penye urejeshaji. Mtaulizwa kama faili zenu zibaki au ziondolewe zote. Mkichagua kuondoa zote, msiharakishe kubonyeza. Fungueni mipangilio ya ziada na mhakikishe kwamba kinachofutwa ni diski yenye Windows peke yake, wala si diski zote.

Wanaosimika Windows upya kwa kijiti cha USB wawe waangalifu zaidi. Hapo hawataona herufi C na D kama walivyozoea, bali namba za diski na ukubwa wake. Karatasi ile ndiyo itakayowaongoza. Na kama fundi anaweza kuichomoa diski ya pili kabla ya kuanza, hakuna kinga iliyo bora kuliko hiyo. Kazi ikiisha, faili za D zitakuwapo. Lakini programu zilizokuwa zimesimikwa humo zitahitaji kusimikwa tena.

NAKALA IKAE MBALI

Hata hivyo, diski ya pili si nakala ya akiba. Iko ndani ya sanduku lile lile, hupigwa na radi ile ile na huibwa na mwizi yule yule. Watu wa Rusizi hawajasahau tarehe 3 Februari, 2008, tetemeko la ardhi lilipopiga pande zote mbili za mpaka, likaua watu na kubomoa majengo, makanisa yakiwemo. Nakala iliyowekwa chumba kimoja na kompyuta hufukiwa pamoja nayo. Basi nakala ya kumbukumbu muhimu, iliyofungwa kwa neno la siri, ihifadhiwe katika jengo jingine chini ya mkubwa anayehusika.

Tena tukumbuke upande wa pili. Kompyuta inapokabidhiwa mtu mwingine au kuuzwa, uchaguzi ule ule ulioiokoa D utaiacha D wazi na siri zote za wananchi. Wakati huo, baada ya nakala kutolewa na idhini kupatikana, diski zote zifutwe, tena kwa njia ya usafishaji kamili, kwa maana faili iliyofutwa juu juu huweza kufufuliwa. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 inalinda habari za mtu binafsi. Raia aliyeeleza shida yake kituoni aliiamini ofisi nzima, na ofisi inawajibika kuitunza siri yake hadi siku ya mwisho ya kompyuta ile.