Kwa nini gari bingwa kwenye gemu huwavunja moyo madereva wa Busia na Tororo?

Michezo ya video ya mbio za magari imewafundisha vijana wengi wa mpakani majina ya magari ya Kijapani, uzito wake na nguvu za injini zake, hata kabla hawajashika usukani wa kweli. Somo hilo lina faida, lakini pia lina mapengo. Mapengo hayo hulipiwa kwa fedha, na wakati mwingine kwa maisha.

Busia ni mji mmoja uliogawanywa na nchi mbili. Upande wa mashariki ni Kaunti ya Busia nchini Kenya. Upande wa magharibi ni Wilaya ya Busia nchini Uganda, ambayo hadi mwaka 1997 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo. Kaskazini kidogo, katika wilaya hiyo ya Tororo, kuna Malaba, kivuko cha pili kikubwa. Katika vivuko hivi viwili hupita sehemu kubwa ya magari ya mtumba yanayoshushwa bandarini Mombasa yakielekea Uganda na nchi za jirani.

Hivyo kijana wa mpakani huyaona magari hayo mara mbili: barabarani yakisubiri karatasi za forodha, na kwenye kioo cha televisheni, katika kibanda cha gemu, ambako kwa sarafu chache hukabidhiwa pedi na kuchagua gari alitakalo. Hapo ndipo yanapoanza matumaini, na pia masikitiko.

Gari lile lile, sifa mbili

Mchezo uliobadilisha fani hii ni Gran Turismo, uliotolewa Japani Desemba 1997 na studio ya Polyphony Digital chini ya Kazunori Yamauchi. Kabla ya hapo, michezo mingi ya mbio ilimpa mchezaji magari machache ya kifahari. Gran Turismo ulileta pia magari ya kawaida ya Kijapani. Mazda Demio ilikuwamo, na baadaye, katika matoleo yaliyofuata, Toyota Vitz.

Kwa mchezaji wa Busia, kukutana na Demio au Vitz kwenye mchezo ni kama kumwona jirani kwenye televisheni. Lakini furaha hiyo haidumu. Vitz ya injini ya lita 1 ina nguvu farasi zipatazo 70 tu. Mbele ya Subaru Impreza WRX STI yenye nguvu farasi 280, inaachwa nyuma kabla ya kona ya kwanza. Mchezaji huiuza haraka na kununua Subaru.

Barabarani hali ni kinyume. Gari dogo lililodharauliwa kwenye mchezo ndilo linalobeba mwalimu, nesi na mfanyabiashara wa samaki kila asubuhi. Vipuri vyake hupatikana, fundi wa mtaani anaifahamu injini yake, na petroli ya fedha kidogo hulifikisha mbali. Subaru yenye tabo, ile iliyokuwa mfalme wa kioo, mara nyingi huonekana imeegeshwa gerejini ikisubiri kipuri.

Inafaa kukumbuka pia kwamba hata ile namba 280 haikuwa kipimo halisi. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004, watengenezaji magari wa Japani walikuwa na makubaliano ya hiari ya kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280. Baadhi ya magari yaliandikwa namba hiyo ilhali injini zake zilitoa zaidi. Anayechagua gari kwa kusoma namba pekee, awe mchezaji au mnunuzi, anasoma pia sera za biashara za wakati huo.

Mambo ambayo mchezo unayafundisha vyema

Si haki kusema kwamba michezo hii ni uongo mtupu. Mingi hukokotoa mwendo wa gari kwa kanuni halisi za fizikia. Mchezaji anapokanyaga breki kwa nguvu, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko. Akiingia kwenye kona kwa kasi kupita kiasi, gari huteleza nje ya barabara. Akibadilisha uwiano wa gia, gari huondoka kwa wepesi zaidi lakini kasi yake ya mwisho hupungua.

Hata suala la uchakavu limeguswa. Katika Gran Turismo 7, uliotoka Machi 2022, kuna duka la magari ya mtumba, na magari hayo huja na kilomita zake. Mchezaji anaweza kubadilisha oili, kukarabati injini na kurejesha uimara wa bodi. Anayecheza kwa makini hujifunza jambo ambalo madereva wengi hulijua wakiwa wamechelewa: gari lisilotunzwa hupoteza nguvu polepole bila kelele.

Tatizo ni kwamba mchezo husema ukweli kuhusu gari lake, wakati soko halisi halilazimiki kufanya hivyo. Mita ya kilomita katika gemu haidanganyi. Katika biashara ya mtumba, kurudisha mita nyuma ni hila inayojulikana duniani kote.

Hewa, vumbi na petroli

Pengo la kwanza ni hewa. Busia na Tororo ziko katika mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na Mombasa. Injini huhitaji hewa ili kuunguza mafuta. Hewa ikipungua, nguvu nazo hupungua kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Injini isiyo na tabo iliyoandikwa nguvu farasi 100 hutoa chini ya 90 inapofika mpakani, hata kama ni mpya kabisa.

Tabo hupunguza hasara hiyo kwa kuisukumia injini hewa zaidi, lakini nayo hulazimika kufanya kazi ngumu zaidi na joto huongezeka. Katika mchezo, mchezaji hubonyeza kitufe na tabo kubwa hufungwa papo hapo. Katika gereji, tabo kubwa hudai oili safi, rejeta nzuri, mfumo wa mafuta uliorekebishwa na breki zinazoweza kuikabili kasi mpya. Anayefunga tabo na kuacha mengine ameongeza hatari bila kuongeza uwezo wa kuidhibiti.

Pengo la pili ni vumbi. Barabara nyingi zinazochepuka kutoka barabara kuu kuelekea vijijini ni za udongo. Wakati wa kiangazi, kichujio cha hewa huziba haraka. Baadhi ya vijana hukitoa kabisa au kufunga kile cha mashindano ili injini ingurume kama ya kwenye mchezo. Vumbi linalopenya humo husaga kuta za ndani za injini kama msasa.

Pengo la tatu ni petroli. Japani huuza petroli ya kawaida na ile ya daraja la juu, na magari ya kasi kama Impreza WRX STI yaliundwa kutumia hiyo ya juu. Yakipewa petroli ya daraja la chini, au iliyonunuliwa kwa madumu bila kujulikana ilikotoka, mafuta huweza kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Dereva husikia mgongano wa chuma. Asipousikiliza, atausikia tena fundi atakapomtajia bei ya injini nyingine.

Somo la Safari Rally

Afrika Mashariki ilikuwa na jibu la swali hili muda mrefu kabla ya michezo ya video. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally. Timu kubwa za Ulaya zilikuja na magari yenye nguvu na kugundua kwamba barabara za huku hazitazami nguvu peke yake.

Mfano bora ni Shekhar Mehta, dereva mzaliwa wa Uganda aliyeshinda Safari mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1979 na 1980, Mercedes-Benz ilileta gari aina ya 450 SLC lenye injini ya lita 5. Mehta alikuwa na Datsun yenye injini ya takriban lita 2, ambayo asili yake ni gari la familia. Kwa karatasi, Datsun ilikuwa gari la kuvunja moyo. Kwa matope, mawe na mito, ndiyo iliyotangulia kufika.

Magari ya Safari yaliandaliwa kinyume na yanavyoandaliwa magari ya vijana wa leo. Badala ya kushushwa, yaliinuliwa. Badala ya kupunguziwa vyuma, yaliimarishwa chini na kuwekewa ngao mbele. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa juu ili maji yasiingie kwenye injini. Waandaaji walikubali kupoteza sehemu ya kasi ili gari lifike.

Michezo ya video nayo imejaribu kuyaiga mazingira hayo. Colin McRae Rally 2.0 wa mwaka 2000 ulikuwa na njia za Kenya. Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikifanyika Naivasha, ilionekana katika WRC 10 mwaka huo huo na baadaye katika EA Sports WRC wa mwaka 2023. Mchezaji anayeshusha gari lake chini katika njia hizo huona haraka tumbo la gari likikwaruza ardhi. Hapo mchezo unamwambia ukweli, ila haumtozi bei ya ukweli huo.

Gharama isiyoonekana kwenye kioo

Marekebisho yanayopendwa sana na vijana ni kukata springi ili gari likae chini, kutoboa bomba la moshi ili lingurume, na kufunga rimu pana. Springi iliyokatwa hupoteza ulaini wake. Gari hugonga kila tuta, shokapu huchoka mapema, na magurudumu huruka badala ya kushika lami. Kwa maneno mengine, gari linaloonekana la mashindano huwa limepoteza kitu ambacho gari la mashindano hukitafuta kwanza, yaani mshiko.

Kisha kuna breki. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Gari linalohitaji mita chache kusimama likiwa katika kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa mijini nchini Kenya, huhitaji mara nne ya mita hizo likiwa katika kilomita 100. Kwenye mchezo hakuna bodaboda inayokata njia, lori lililoegeshwa usiku bila taa, wala mtoto anayekimbilia upande wa pili. Na ajali ikitokea, mchezaji huanza upya.

Bima nayo ina masharti yake. Kampuni ya bima huweza kukataa kulipa fidia endapo gari lilibadilishwa bila kufahamishwa. Familia nyingi hugundua hilo baada ya ajali.

Kabla ya kununua

Kwa jamaa walio ughaibuni wanaochagua gari mtandaoni kwa ajili ya wazazi au ndugu nyumbani, mpaka wenyewe ni jambo la kwanza la kuzingatia. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, huruhusu hadi miaka 15, ingawa magari ya umri mkubwa hutozwa tozo ya mazingira. Kwa hiyo gari linaloonekana nafuu kwa binamu wa Tororo linaweza kuwa haliruhusiwi kabisa kwa shangazi wa upande wa Kenya, hata kama nyumba zao zinatazamana.

Jambo la pili ni karatasi ya mnada wa Japani. Huonyesha daraja la gari, kilomita zilizorekodiwa na mahali lilipogongwa. Herufi R kwa kawaida humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali na kurekebishwa. Muuzaji mwaminifu haoni taabu kuitoa.

La tatu ni kumuuliza fundi wa mahali gari litakapoishi, wala si wa mahali litakaponunuliwa. Yeye ndiye anayejua ni kipuri kipi kinapatikana Busia kwa siku moja, na kipi kitasubiriwa kutoka Nairobi au Kampala kwa wiki mbili.

Kijana anayependa gemu za magari hana haja ya kuziacha. Zimempa msamiati wa ufundi ambao wazazi wake hawakuupata, na huenda ndizo zitakazomfikisha kwenye chuo cha ufundi. Anachohitaji ni mtu mzima wa kumwonyesha mahali mchezo unapokoma. Na siku atakapopewa ufunguo wa Vitz ya baba yake, atakuwa ameshika gari lile lile aliloliuza haraka kibandani. Safari hii kuna abiria nyuma, na barabara haina kitufe cha kuanza upya.