Kikaza Cheni: Kipi Kinafaa kwa Baiskeli ya Nyumbani Kwako?

Sisi walimu wa kujitolea tumezoea kuwaandikia habari za mitihani na usafi, lakini safari hii tunaandika juu ya baiskeli. Wengine wetu tunaiita kinga, wengine velo, Wanyarwanda wanasema igare, wenyeji wetu wa Uganda wanasema gaali. Jina lolote utakalolitumia, kazi yake ni ile ile: inaleta maji, inapeleka mahindi sokoni, inampakia mgonjwa mpaka kituo cha afya, na kwa familia nyingi hapa Nakivale ndiyo inayoleta chumvi na sabuni nyumbani.

Siku hizi baiskeli nyingi tunazonunua ni za mitumba, zile zenye gia nyingi. Zikifika kwenye vumbi letu, gia hazikai muda mrefu. Waya unakatika, mkono wa gia wa nyuma unapinda, na spea yake ni ya kutafuta mpaka Mbarara. Basi mtu anaamua kuondoa gia zote abaki na moja, kama ilivyo kwenye Phoenix na Hero tulizozizoea. Uamuzi huo ni mzuri. Lakini ukiondoa mkono wa gia, cheni inabaki imelegea, maana mkono ule ulikuwa na kazi mbili: kubadilisha gia na kukaza cheni. Kazi ya pili lazima ipate mtu wa kuifanya.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Cheni iliyolegea inaruka meno wakati unapanda mlima, au inatoka kabisa na kujibana kati ya friwili na fremu. Jerikani moja ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Weka mbili kwenye keria, na mtoto mbele, halafu pedeli ikukimbie ghafla chini ya mguu. Wote mtaanguka. Kwa hiyo tusiseme ni jambo la mafundi tu.

Kwanza, tazama mdomo wa fremu

Kabla ya kutoa hela yako, inama utazame pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapoingia kwenye fremu. Utakuta mdomo wa aina mbili.

Kama mdomo ni mrefu na umelala, yaani gurudumu linaweza kusogea mbele na nyuma, usinunue kikaza cha kurudhani. Unalegeza nati, unavuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze, unafunga tena. Kama unabeba mizigo mizito, ongeza vile vikaza vidogo vya bolti vinavyovaliwa kwenye ekseli, kimoja kila upande. Vinalizuia gurudumu lisivutwe mbele unapokanyaga kwa nguvu. Hivi ni rahisi na vinadumu.

Kama mdomo ni mfupi na unaangalia chini, gurudumu halina pa kusogea. Hapo ndipo unahitaji kikaza chenyewe, na una njia tatu.

Njia ya kwanza: mkono wa zamani wa gia

Kama mkono wako haujapinda na vigurudumu vyake viwili vinazunguka, usiutupe. Chagua jino moja la friwili lililo katikati, kata cheni ifike pale tu, na pitisha cheni kwenye vigurudumu kama zamani. Sasa mkono unatakiwa usimame chini ya jino hilo, lakini springi yake inapenda kuuvuta nje. Kuna skrubu ndogo inayouzuia usiende nje. Ikaze mpaka vigurudumu vilingane na jino. Ikiwa skrubu haifiki, tumia kipande kifupi cha waya wa gia, ukifunge pale pale kwenye mkono, na mkono utatulia.

Faida yake ni kwamba hulipi kitu. Ubaya wake ni kwamba unaning'inia chini, unagonga mawe na kukusanya matope na majani. Ukipinda ukaingia kwenye spoki, unaharibu gurudumu zima. Anayepita njia nyembamba za shambani afikirie mara mbili.

Njia ya pili: kikaza cha kununua chenye kigurudumu kimoja

Hiki kinafungwa na bolti pale mkono wa gia ulipokuwa. Ni kifupi, hakigongi mawe ovyo. Kuna kinachosukuma cheni chini na kuna kinachoisukuma juu. Kwa sisi wa mizigo, tunasema chagua kinachosukuma juu ikiwa fremu yako inakubali, kwa sababu cheni inazunguka meno mengi zaidi ya friwili, na meno mengi maana yake ni kushika vizuri. Tikisa kile kigurudumu kwa vidole kabla ya kulipa. Kikicheza kushoto na kulia kikiwa bado dukani, kwenye mzigo kitacheza zaidi.

Njia ya tatu: kutafuta meno yanayolingana

Njia hii tuliifanya hesabu ya darasa la P7, na watoto waliipenda. Kutoka pini moja ya cheni hadi nyingine ni milimita 12.7. Ukibadilisha friwili kwa kuongeza au kupunguza jino moja tu, ni kama umesogeza gurudumu milimita 3 hivi. Kwa hiyo kuna wakati jino moja linatosha kukaza cheni bila kikaza chochote. Tatizo ni kwamba cheni ikichakaa inarefuka, na siku hiyo huna pa kuikazia. Ni njia ya mwenye kupata spea karibu.

Jambo moja ambalo halina mjadala

Kama baiskeli yako inafunga breki kwa kukanyaga pedeli nyuma, USITUMIE kikaza cha springi wala mkono wa gia. Ukikanyaga nyuma, upande wa chini wa cheni ndio unaovutwa. Utakisukuma kikaza, cheni italegea juu, na breki itachelewa au haitashika kabisa, na kikaza chenyewe kinaweza kuvunjika. Baiskeli ya namna hiyo inataka fremu yenye mdomo uliolala, basi. Wazazi mnaowanunulia vijana baiskeli, ulizeni habari ya breki kabla ya kuuliza rangi.

Mambo ya kupima mwenyewe

Kwanza, simama nyuma ya baiskeli ufumbe jicho moja. Meno ya mbele, cheni na jino la nyuma vinatakiwa viwe mstari mmoja. Cheni iliyokaa mshazari itatoka tu, hata ukiweka kikaza cha bei gani. Hamisha washa mpaka inyooke.

Pili, kama umekaza kwa kusogeza gurudumu, bonyeza cheni katikati kwa kidole. Icheze sentimita 1 hadi 1 na nusu, juu na chini kwa jumla. Zungusha pedeli mzunguko mzima na upime pale inapokaza zaidi, kwa kuwa meno ya mbele mara nyingi si duara kamili. Kumbe kuna wanaoamini kwamba cheni ikikaza kama gitaa ndiyo nzuri. Hapana. Inakula beringi na inakuchosha miguu.

Tatu, chukua rula ya mwanafunzi. Anza katikati ya pini moja, hesabu pini 20 zinazofuata. Cheni mpya inasoma sentimita 25.4. Ikifika 25.7, cheni imekwisha, na huenda imeshayala meno pia. Hakuna kikaza kitakachoiponya cheni iliyokufa.

Nne, chagua meno ya kazi yako. Meno 32 mbele na 16 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili. Kwa gurudumu la inchi 26 unakwenda mita 4 na kidogo. Ukiweka 20 nyuma unakwenda mita 3 na kidogo, lakini mlima na gunia utavipanda bila kushuka.

Neno la mwisho

Tunajua kuna wanaokaza cheni kwa kipande cha mpira wa tairi au kijiti kilichofungwa kwa kamba. Hatuwacheki, kila mtu anajisaidia na alicho nacho. Lakini mpira unakatika bila kuaga, na kijiti kikiingia kwenye spoki hakichagui nani amekaa nyuma. Itumie kufika kwa fundi, usiitumie kumpakia mtoto.

Ndugu zetu wa Goma wana chukudu ya mbao isiyo na cheni hata moja, kwa hiyo taabu hii hawaijui. Sisi wenye cheni tuitunze: ipanguse vumbi kila wiki, itie oili kidogo, ikague kila asubuhi kabla ya mzigo. Mwenye baiskeli na rula asione aibu kuja shuleni baada ya masomo. Tutapima pamoja, na watoto wetu watajifunza hesabu papo hapo.

Tunawatakia safari njema, na mrudi salama majumbani.