Gari la Milimani Halitaki Haraka
Mashauri kwa wenye motokaa na mafundi wa Kisii na Nyamira

Nchi ya Abagusii ni nchi ya milima. Mtu atokaye Kisumu kwa njia ya Ahero na Oyugis hupanda kidogo kidogo mpaka afikapo mji wa Kisii, ambao wenyeji huuita Bosongo, na hapo huwa yuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Akiendelea kwenda Keroka, au akishika njia ya Nyamira, hupanda tena na kuteremka tena. Kila bonde lina kijito chake, na kila kijito kina daraja lake chini ya mteremko. Nchi hiyo imejaliwa mvua, ndizi, chai na kahawa, lakini barabara zake hulichosha gari kuliko barabara za nchi tambarare. Breki hulika upesi, injini hupata moto, na magurudumu huteleza katika udongo mwekundu wakati wa masika.

Tena ni nchi ya watu wenye shughuli. Majani mabichi ya chai yaliyochumwa asubuhi hayana budi kufika kiwandani siku ile ile, kama ni Kebirigo, Sanganyi au Nyamache, kwa maana yakilala hupoteza ubora wake. Ndizi nazo sharti zifike soko la Daraja Mbili kabla wanunuzi hawajatawanyika. Kwa hiyo gari linapoharibika, mwenye gari husimama juu ya fundi akitazama saa na kusema, "Fanya fanya tu, lifike leo." Fundi, kwa kutaka kumridhisha mteja, huharakisha. Hapo ndipo hatari inapoanzia, nayo huwakabili watu wawili: kwanza fundi aliye chini ya gari, na baadaye abiria walio ndani yake.

Mafundi wa jua kali wa Kisii, Suneka, Keroka na Nyamira wanastahili sifa. Wengi wao walijifunza kazi kwa kumtazama fundi mkuu, nao hutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu. Lakini mara nyingi anayeumia katika gereji haumii kwa kutojua injini. Huumia kwa kudharau mambo madogo ambayo kila mtu anayajua. Yafaa mambo hayo yaelezwe moja baada ya jingine, pamoja na sababu zake, kwa kuwa mtu afahamuye sababu hahitaji kusimamiwa.

JEKI NI YA KUINULIA TU

Jambo la kwanza ni jeki. Jeki ya mafuta hulishika gari kwa mafuta machache yaliyozuiwa na mpira mwembamba. Mpira huo ukikatika, gari hushuka bila kutoa onyo lolote, na motokaa ndogo tu huwa na uzito wa kilo 1,000 au zaidi. Kwa hiyo jeki hutumiwa kuinua gari, wala haitumiwi kulishikilia wakati mtu yuko chini yake.

Katika nchi ya milima hatari hiyo huzidi, kwa sababu ni vigumu kupata mahali palipo sawa, na ardhi iliyonyeshewa ni laini. Fundi mwangalifu hutafuta kwanza mahali tambarare, hata ikibidi gari lisukumwe hatua mia. Huvuta breki ya mkono, hutia gia ya kwanza, kisha huweka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Kabari hizo si mapambo. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Basi magurudumu ya nyuma yakiinuliwa, breki hiyo haina kazi tena, na gari laweza kuondoka juu ya jeki.

Chini ya jeki huwekwa ubao mpana usiozama katika udongo. Gari likiisha kuinuliwa, huwekewa stendi za chuma, au magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kukingamana. Matofali na mawe hayafai. Tofali hustahimili uzito kwa muda, kisha hupasuka mara moja. Na yule aokotaye kipande cha jiwe la Tabaka akumbuke kwamba wachongaji hulipenda jiwe hilo kwa sababu ni laini na hukatika kwa kisu. Basi litawezaje kubeba lori?

Kabla ya kuingia chini, fundi hulitikisa gari kwa mikono. Likicheza, hupanga upya. Ufunguo hukaa mfukoni mwake yeye mwenyewe, ili asije mtu mwingine akaliwasha gari hali mikono ya fundi imo ndani ya mashine.

BREKI NA MITEREMKO

Mguu ukanyagapo breki, nguvu yake husafirishwa kwenye magurudumu na mafuta ya breki yaliyo ndani ya mirija. Mafuta hayo hayawezi kubanwa yakapungua, na kwa sababu hiyo nguvu yote hufika. Hewa au mvuke, kinyume chake, hubanika kwa urahisi. Ikiwa umo mvuke ndani ya mirija, mguu huzama mpaka chini na gari haliaghi mwendo wake.

Mvuke huo hutoka wapi? Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, hata gari likiwa limesimama. Unyevu ukizidi, mafuta huchemka kwa moto mdogo zaidi. Dereva akishuka mteremko mrefu huku amekanyaga breki bila kuachia, moto wa breki huchemsha mafuta hayo, na breki humtupa mkono pale pale anapoihitaji. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama yaonekana bado ni mengi.

Yako makosa matatu yanayotokea mara kwa mara. La kwanza ni kuongeza mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki yanapopungua. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki na kuiharibu yote. La pili ni kuongeza tu bila kuuliza yamekwenda wapi. Yakipungua, ama pedi zimelika, ama pana mahali yanapovuja. La tatu, nalo ni baya kuliko yote, ni kuukunja mrija wa gurudumu moja linalovuja ili gari liendelee na safari kwa breki zilizobaki. Gari la namna hiyo huvutwa upande mmoja linaposimamishwa ghafula, nalo laweza kuingia katika njia ya wanaokuja au katika kundi la watoto watokao shule. Pedi nazo hubadilishwa kulia na kushoto pamoja, kwa sababu hiyo hiyo.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Kitambaa kilicholowa maji chatosha kulifuta. Kazi ikiisha, fundi hukanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama, hata iwe ngumu, kisha hulijaribu polepole mahali tambarare, si mlimani.

Dereva naye ana sehemu yake. Ateremke kwa gia ndogo, ili injini yenyewe isaidie kulizuia gari. Wako wanaozima injini ili kuokoa petroli mteremkoni. Faida yao ni vijiko vichache vya petroli; hasara yao ni kwamba breki hupoteza msaada wa injini baada ya kukanyagwa mara chache, usukani huwa mzito, na ufunguo ukigeuzwa kupita kiasi usukani hufunga kabisa.

REJETA, BETRI NA PETROLI

Huko Kisii maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka karibu digrii 94, wala si 100 kama ilivyo pwani, kwa kuwa hewa ya milimani ni nyepesi. Kifuniko cha rejeta hukaza maji yasichemke hata yakipita kiwango hicho. Basi mtu akikifungua wakati injini ina moto, mkazo huondoka, maji hugeuka mvuke kwa mara moja, naye huungua uso na kifua. Injini izimwe na iachwe ipoe kwa nusu saa au zaidi. Kisha kifuniko kifunguliwe kwa kitambaa kinene, taratibu, uso ukiwa mbali.

Betri inapotiwa moto hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja, na ndani yake mna asidi iwezayo kupofusha macho. Sigara na kiberiti vikae mbali. Waya wa upande wa hasi ndio unaotangulia kufunguliwa, na ndio unaofungwa mwisho. Kwa njia hiyo spana ikigusa bodi ya gari haitatoa cheche. Asidi ikimwingia mtu machoni, aoshwe kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali.

Petroli haioshi mikono wala haivutwi kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia katika mapafu yaweza kuua. Tangi la petroli lisichomelewe hata kama ni tupu kwa macho, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliobaki ndani. Tena injini isiachwe ikinguruma ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa mvua. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asioamka.

Mafuta machafu ya injini yakusanywe katika debe. Yakimwagwa chini, mvua huyapeleka mtoni, na maji ya mto Gucha yananyweshwa ng'ombe na kuchotwa na watu wengi kabla hayajafika Ziwa Victoria.

MAGURUDUMU

Nati za gurudumu hukazwa kwa kuvuka, yaani moja ya juu kisha ya chini iliyo mkabala nayo, ili gurudumu likae sawa. Hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limeshushwa, nazo hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Tairi lina tarehe yake ubavuni: tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwenye kununua tairi lililotumika asitazame meno yake tu, bali asome na tarehe hiyo, kwa maana mpira huzeeka hata ukiwa ghalani.

Magurudumu ya malori yenye rimu za vipande yanahitaji hadhari ya pekee. Pete yake isipokaa sawasawa, huruka kama risasi wakati wa kujaza upepo. Gurudumu hilo hutiwa ndani ya kizimba cha chuma, na mwenye kujaza husimama kando, mpira wa pampu ukiwa mrefu. Asiliinamie kamwe.

WAJIBU WA MWENYE GARI

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hairuhusu gari kutumiwa barabarani likiwa katika hali ya kuhatarisha watu. Halmashauri ya usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo yenye kazi ya kukagua magari. Lakini mkaguzi huliona gari siku moja, na mwenye gari huliona kila siku. Ajiwekee daftari. Aandike tarehe na kilomita kila abadilishapo mafuta ya injini, mafuta ya breki, pedi na tairi. Karani atunzaye hesabu za ofisi na mkulima atunzaye kadi yake ya chai hawatashindwa na kazi hiyo. Daftari hilo humsaidia fundi kama cheti cha mgonjwa kimsaidiavyo daktari, na siku ya kuuza gari huongeza bei yake.

Zaidi ya hayo, mwenye gari aulize kabla hajaacha gari lake: je, gereji hii ina stendi? Vijana wanaojifunza hapa hulala chini ya gari lililoshikwa na nini? Aliye tayari kulipa kwa ajili ya vipuri awe tayari pia kumpa fundi saa moja zaidi. Mteja mmoja akisema, "Weka magogo kwanza, mimi nitangoja," mafundi wote walio pale husikia, na kijana anayeshika taa hujifunza kwamba mwili wake una thamani kuliko gunia la ndizi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Stendi mbili za chuma na kabari nne za mbao hununuliwa mara moja, zikadumu miaka mingi. Kila gereji iliyo kati ya Suneka na Nyansiongo yaweza kuwa nazo, na kila mwenye gari apelekaye kazi pale ana haki ya kuzidai.