Kifaa Kisicho na Maelezo na Lugha Isiyo na Sarufi

Mtafiti wa Kilendu katika eneo la Djugu, jimboni Ituri, hulinganisha maneno yanayotofautiana kwa toni pekee, akabaini kuwa toni hubeba maana. Mbinu hiyohiyo hutumiwa na waandishi wa viendeshi, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa kilichochomekwa. Mtengenezaji asipotoa maelezo, mwandishi hunasa mawasiliano baina ya kifaa na programu ya mtengenezaji, hubadili jambo moja tu, mathalani mwangaza, kisha hutazama ni namba ipi iliyobadilika.

Mwaka 2013 Lubomir Rintel alitoa kiendeshi huria cha Linux kwa ajili ya USBTV007, kinasa picha za televisheni cha Fushicai. Baadhi ya namba zimefafanuliwa humo kwa tahadhari: hizi yaelekea huwasha kifaa, zile yaelekea huathiri rangi. Mwanaisimu naye huandika vivyo hivyo maana asiyokuwa na yakini nayo. Msimbo ukiwa huria, kama data ya lugha iliyochapishwa, msomaji mwingine aweza kuijaribu dhana hiyo na kuirekebisha. Maelezo yaliyofichwa hayarekebishwi na mtu wa nje, na kampuni ikifa yaweza kupotea nayo.